Mama wa Taru na Mdosi wa Diani: Nani Anaumia Zaidi na Kodi?

Ukipanda basi Mombasa kwenda Nairobi, unapita Mariakani, Samburu, halafu Taru. Wengi wenu hapo huwa mmelala fofofo. Nje ni vumbi, mbuzi, magunia ya makaa kando ya lami na mitungi ya maji imepangwa ikingoja.

Sasa shuka hadi Diani, kaunti ni ile ile ya Kwale. Utakuta ukuta mrefu, nyasi za kijani na askari getini. Mzungu akifika anapigiwa saluti. Wewe ukifika unaulizwa, "Unamtafuta nani?"

Kaunti moja, KRA moja. Je, huyu wa ukuta mrefu anafaa kulipa kodi zaidi? Na rangi ya ngozi inaingiaje hapo? Wacha tuongee ukweli bila kupigana.

Tuanze na hesabu. Tuseme mama wa Taru amefanya kibarua, akapata 500 kwa siku. Ameingia supamaketi Mariakani, akabeba chupa ya mafuta ya kupika ya 290. Hapo VAT ya asilimia 16 ni shilingi 40. Yaani asilimia 8 ya jasho lake la siku imeenda na chupa moja. Mdosi anayeingiza 50,000 kwa siku akinunua chupa hiyo hiyo, analipa 40 zile zile. Kwake hata haifiki asilimia 0.1.

Ndio, mdosi ananunua vitu vingi zaidi, kwa hivyo jumla ya VAT yake ni kubwa. Lakini mama anamaliza doo yote dukani. Mdosi inambakia, na inayobaki inanunua ploti. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie eti maskini halipi kodi. Kila ukiweka kredo, ukituma M-Pesa, ukipanda boda iliyojazwa petroli, ushachangia.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwingereza alianza kutoza kodi ya nyumba hapa 1901. Mwafrika alilipia kibanda chake, na asiye na pesa ilibidi aende kumfanyia mzungu kazi azipate. Kodi hiyo na kulazimishwa kazi ni kati ya yaliyomfanya Mekatilili wa Menza awachochee Wagiriama kukataa amri za Mwingereza 1913.

Na masetla je? Walikuwa na kodi yao ya kichwa, sawa. Lakini kodi ya mapato ilipojaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, walipiga kelele hadi ikafutwa 1922. Serikali ikaziba pengo kwa ushuru wa bidhaa. Kodi ya mapato ilirudi 1937. Piga hesabu: kibanda kilianza kulipa miaka 36 kabla yake.

Upande wa ardhi, sheria ya 1908 ya hati za Pwani ilisaidia waliojua njia za mahakama na makaratasi. Wamijikenda wengi walibaki maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Ndio maana Diani, kuongea kuhusu ufukwe ni kuongea kuhusu rangi pia.

Lakini tusidanganyane, wasee. Leo sheria ya kodi haisomi ngozi. Nyuma ya kuta zile kuna wazungu, ndio, lakini kuna pia wadosi weusi kabisa waliotoka Nairobi na hata Kwale yenyewe. Kiti cha setla hakikuvunjwa. Kilibadilisha tu anayekalia.

Kiti chenyewe kikoje? Tangu 2023, mwenye mshahara wa zaidi ya 800,000 kwa mwezi anakatwa asilimia 35 kwa kile kinachozidi hapo. Hiyo ni poa, lakini ni mshahara. Tajiri wa kweli haishi kwa payslipu. Anakalia ardhi inayopanda bei akiwa usingizini, na ile kodi ya asilimia 15 ya faida inamngoja hadi auze. Akifa, watoto wanarithi bila kodi ya urithi, maana ilifutwa 1982.

Kuna wanaosema mkiwabana matajiri watahama na ajira zitapotea. Hoja hii ina uzito kwa pesa iliyo benki na kwa kiwanda. Lakini ploti ya ufukweni haipandi ndege. Haihamii Dubai.

Wengine wanasema, kwanza muache kuiba, ndio tulipe. Hapo nawaelewa. Juni 2024 vijana walimwaga damu barabarani kupinga Mswada wa Fedha uliotaka hata mkate utozwe VAT, na ukaondolewa. Ila kumbuka, mama wa Taru hana nafasi ya kusema "nitalipa mkiacha kuiba". Yake inakatwa hapo hapo dukani. Mbona tajiri peke yake ndiye apewe muda wa kufikiria?

Katiba, kifungu cha 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 209 kinaipa kaunti nguvu ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Kwa hivyo si lazima tungoje Nairobi.

Kikao cha bajeti kikifika wadi yako, usiende tu kwa sababu ya soda. Simama uulize maswali mawili: ploti za ufukweni zinalipa kaunti ngapi kwa mwaka, na thamani yake ilipimwa lini mara ya mwisho? Usitaje mzungu, usitaje mweusi. Taja ploti.

Halafu umuangalie MCA wako usoni akijibu.