Tovuti Ikizinduliwa, Nani Anabaki Nayo?

Oktoba 2015, wezi waliingia katika mitambo ya TalkTalk, kampuni ya simu na intaneti ya Uingereza, wakachukua taarifa za wateja 156,959. Kwa wateja 15,656, waliondoka hata na namba za akaunti za benki.

Walipita wapi? Katika kurasa kuukuu ambazo TalkTalk ilizirithi ilipoinunua Tiscali ya Uingereza mwaka 2009. Kurasa zilikuwa bado hewani, na hakuna aliyezitazama. Programu ya hifadhidata iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na kasoro ambayo kiraka chake, yaani sasisho la kuiziba, kilikwishatolewa zaidi ya miaka mitatu kabla.

Mbinu waliyoitumia wezi ilielezwa hadharani tangu 1998. Mtu hufungua fomu, na panapotakiwa jina huandika amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Kama mtengenezaji wa tovuti ameyashona maneno ya mgeni pamoja na amri zake, hifadhidata haiwezi kumtofautisha mwenye nyumba na mpita njia, hutii tu. Kinga ni nyepesi mno: amri iandikwe kwanza na kuachiwa nafasi, kisha maneno ya mtumiaji yaingie humo kama data, yasiwe na uwezo wa kuamuru chochote. Kazi ya dakika chache. Na TalkTalk ilikwishashambuliwa kwa njia hiyohiyo mara mbili mwaka huohuo, Julai na Septemba. Faini ikawa pauni 400,000.

Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, haikujifunza. Kiraka cha Apache Struts, programu ya kujengea tovuti iliyoitumia, kilitoka Machi 2017, wezi wakaingia Mei, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaenda.

Hapa kwetu, Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019 na Tanzania ya 2022, lakini sheria haisasishi programu. Mara nyingi mteja hulipia tovuti ijengwe, izinduliwe kwa picha na keki, kisha fundi huenda zake. Huo ndio uzembe wa kukomeshwa, na pande zote mbili zinahusika. Mkataba usisainiwe kabla haujataja nani atapachika viraka, ndani ya siku ngapi, kwa malipo gani, na nani atazizima kurasa zisizotumika tena.