Glavu za Mpira Jikoni

Usafi wa mikono ya mpishi ni jambo lisilo na mjadala. Hata hivyo, glavu za utomvu wa mpira huweza kuacha protini zake kwenye chakula, na mlaji mwenye mzio akawashwa, akavimba au akabanwa pumzi hata maisha yake yakawa hatarini. Huko Marekani, jimbo la Arizona lilizipiga marufuku jikoni mwaka 2001, na California mwaka 2020.

Sisi wa Visiwani hulisha wenyeji na wageni kila siku, tangu mahotelini hadi Forodhani. Tunaiomba Serikali iagize glavu za plastiki au za nitrili zitumike badala yake. Na mikono ioshwe vilevile, kwani glavu chafu haipiti mkono mchafu. Tahadhari kabla ya hatari.