WATOTO WAJUE MAJI MACHAFU YAENDAKO

Desturi yetu sisi wazazi ni kumwamuru mtoto akateke maji. Ni wachache kati yetu waliopata kumweleza maji hayo, yakisha kutumika, huenda wapi. Twaona kwamba somo hilo limekawia mno, na hasa kwa watoto wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kama wale wa Kihagara, ambao ziwa kwao ni kisima, ni mahali pa kuoga na kufulia, tena ni ghala ya kitoweo.

Ziwa hili ni kubwa, na kina chake hufika mita 700 hivi. Ukubwa huo hutudanganya. Mto unaoyatoa maji yake ni mmoja tu, Shire, ulioko kusini, na kwa hiyo uchafu tunaoutia hauondoki upesi. Tena mtoto haogi katikati ya ziwa. Huoga ufukoni, pale pale yanapoteremkia maji ya vyoo na ya mvua.

Chukueni mfano wa kichocho. Mkojo wa mgonjwa ukiingia majini, vijidudu huingia katika konokono, wakazaliana humo, kisha wakatoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga. Serikali hugawa dawa mashuleni, nayo ni kazi njema. Lakini mtoto aliyemeza dawa leo akirudi kesho katika maji yale yale, ataugua tena. Dawa bila elimu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Wako watakaosema: kijijini hakuna mabomba ya maji taka, basi somo hili ni la watu wa mjini. Hatukubaliani nao. Huko Moshi maji taka hupelekwa katika mabwawa. Katika mabwawa ya namna hiyo, la kwanza ni la kina kirefu, ambamo uchafu hutuama na kuozeshwa na bakteria. Katika linalofuata mimea midogo ya majini hutoa hewa safi kwa nguvu ya jua. Na la mwisho ni la kina kifupi, ili miale ya jua iue vijidudu. Wafanya kazi wakuu hapo ni muda, jua na bakteria, na hao hata Kihagara wapo. Anayeifahamu kanuni hiyo ataelewa kwa nini choo kisichimbwe karibu na maji, na kwa nini maji ya kufulia yamwagwe katika shimo lenye mawe na mchanga, yasiachwe yatiririke ziwani.

Mwalimu na ajaze changarawe, mchanga na mkaa katika chombo kilichotobolewa chini, amimine maji ya tope, watoto waone yanavyotoka. Kisha awaonye kwamba maji meupe si lazima yawe salama: ya kunywa hayana budi kuchemshwa.

Hili si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vingi vikachimbwa. Watu wazima walijifunza wakatenda. Watoto wana udhuru gani?

Lakini mtoto hawezi kuchimba choo cha baba yake. Atakaporudi nyumbani na kusema choo kimekaa vibaya, asikemewe kuwa amekosa adabu. Hapo ndipo wajibu wetu wanachama unapoanza. Kila shina na likague vyoo vya wanachama wake kwanza, ndipo liwahimize wengine. Na viongozi wa kijiji wahakikishe kwamba shule yenyewe ina choo bora na maji ya kunawa, maana somo lisilotendwa shuleni halitatendwa nyumbani.

Samaki mkunje angali mbichi. Ndugu zetu wa mwambao wanalijua hilo kuliko sisi.