Nitamzika Leo



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, dada yangu alinijia barazani na buibui limemkaa upande, wala hakungoja kuandaliwa kahawa. Alikuwa akipita mbele ya chumba cha mwanawe, kijana wa miaka 16 aliye katika likizo, mkononi ana sinia ya mahamri, akamsikia ndani akinena kwa ukali: "Nitamzika leo! Hata nikivunjika miguu, nitamzika!" Kisha kijana akalitaja jina la binamu yake aliyeko Maskati, mwana wa dada yetu mdogo aliyeolewa huko. Sinia ikaanguka.

"Kaka," akaniambia, "mwanangu ataka kumzika mtoto wa ndugu yangu."

Nilifuatana naye hadi nyumbani kwake. Nilitarajia kukuta ugomvi wa simu. Nilikuta vita vya majitu ya chuma kwenye kioo cha kompyuta, na kijana amekaa mbele yake jasho likimtoka kana kwamba ndiye aliyeyabeba.

Msomaji asiyeujua mchezo huu aniwie radhi nikiueleza, kwani asipouelewa hatalielewa kosa la kijana wetu. Unaitwa BattleTech. Asili yake ni mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 1984 na kampuni ya FASA ya Chicago, Marekani, kwanza kwa jina la BattleDroids. Jina hilo likaachwa baada ya wenye filamu za Star Wars kudai kwamba neno "droid" ni mali yao. (Bani Adamu hugombania hata neno.) Mmoja wa waasisi wake, Jordan Weisman, baadaye alianzisha pamoja na mwenziwe kampuni ya Harebrained Schemes, nayo ikautoa mchezo huo kwa kompyuta mnamo Aprili 2018. Huo ndio alionao mpwa wangu. Wachezaji wawili, huyu akiwa Mombasa na yule ng'ambo ya bahari, huongoza majitu manne kila mmoja, na ndani ya kila jitu mna rubani. Mchezo wenyewe si wa kukurupuka. Huenda kwa zamu, kama wazee wetu wanavyocheza bao.

Majitu hayo hupigana kwa mizinga, makombora na miale. Lakini baadhi yake yana mitambo ya kurukia, na hayo huweza kufanya jambo la ajabu: kupaa angani na kumshukia adui kwa uzito wao wote. Pigo hilo huitwa Mauti Yatokayo Juu. Liko jitu moja, Highlander, lenye uzito wa tani 90, lililosifika mno kwa pigo hilo hata likapewa jina la Maziko ya Highlander, kwa kuwa anayeshukiwa hushindiliwa ardhini kama msumari.

Hapo dada yangu akashusha pumzi. Maziko aliyoyasikia ndiyo hayo.

Mimi nikaketi. Swali lilinijia ambalo nadhani kila mzazi angeliuliza. "Na huyo anayeruka," nikamwambia kijana, "yeye hapatwi na kitu?"

Akakuna kichwa. "Miguu, mjomba. Miguu hulipa."

Akanieleza kwa ufasaha ambao natamani angekuwa nao katika sarufi yake ya Kiarabu. Katika kanuni za mezani, anayeshukiwa hupata alama 3 za madhara kwa kila tani 10 za anayemrukia. Jitu la tani 90 basi hupiga alama 27. Lakini jitu hilo lenyewe hupata alama 18, na zote huishia kwenye miguu yake. Kisha rubani lazima arushe dado kuona kama atasimama au ataanguka, ijapokuwa pigo limempata adui barabara. Akimkosa adui, huanguka chali, tani zote 90. Tena mrukaji hutangaza nia yake mapema, na pigo huja baada ya silaha nyingine kufyatuliwa, hivyo maadui hupata fursa ya kumpiga kabla hajatua. (Juu ya dado na waliyoyanena mafakihi wetu, tutazungumza siku nyingine. Ndani ya kompyuta hamna anayerusha dado mkononi, na swali hilo lina urefu wake.)

Katika mchezo wa kompyuta hesabu si zile zile, ila msingi ni huo huo: kila umrukiapo mtu, deraya ya miguu yako huliwa. Deraya ikiisha, huliwa mfupa wenyewe. Mguu ukikatika jitu huanguka, rubani huumia, na adui hupata ruhusa asiyokuwa nayo awali, ya kuchagua ni kiungo gani akipige.

Nikatazama. Binamu wa Maskati hakuwa na haraka. Kwa zamu tatu alilipiga Highlander kwa mbali, na nikaona katika ule mchoro wa jitu kwamba mguu wa kushoto umeshavuliwa deraya yote. Kisha akalisogeza jitu lake dogo kuliko yote, akaliweka uwandani peupe, mahali ambapo hata mimi nisiyejua lolote niliona kwamba hapawekwi kitu chema.

"Usimrukie," nikasema.

Akamrukia.

Jitu dogo lilivunjika kweli. Kijana akapiga ukelele. Lakini ule mguu wa kushoto nao ukakatika, Highlander likalala, na yale matatu yaliyobaki ya binamu yake yakamalizana nalo kwa utulivu, yakichagua pa kupiga kama mtu achaguaye samaki sokoni.

"Uliuona mguu?" nikamwuliza.

"Niliuona."

"Basi kwa nini?"

Alinyamaza kitambo, kisha akanipa simu yake nisome. Kumbe mchezo ulikuwa mwisho wa habari tu. Siku tisa kabla, binamu alimshinda na kumwandikia kwamba anaruka kama chura wa kisimani. Mzaha wa vijana, mwepisi. Yeye akajibu kwa neno zito, na neno lile hakulielekeza kwa binamu yake bali kwa mama wa binamu yake, yaani mama yake mdogo aliyempakata siku ya akika yake. Sitaliandika hapa.

Dada yangu aliisoma ile simu mara mbili. Ndipo alipofahamu kwa nini ndugu yake wa Maskati, ambaye humpigia kila usiku wa Ijumaa, hakupiga Ijumaa iliyopita, na kwa nini yeye mwenyewe alipompigia aliambiwa kwamba mama amelala. Alikuwa amekwisha kununa kwa sababu asiyoijua. Akakaa kitandani, buibui bado mwilini.

Alitaka intaneti ikatwe saa ile ile. Sikuafikiana naye, na najua wapo wasomaji watakaonilaumu. Mchezo una saa zake za kupunguzwa, na hilo tulilikata pale pale: hakuna kuufungua baina ya Magharibi na Isha, wala baada ya saa nne za usiku. Lakini neno lile halikuandikwa na mchezo. Lingeweza kuandikwa baada ya mpira wa mtaani.

Nikamwuliza kijana jambo moja tu: siku ile, kabla hajalituma neno lile, alitazama atatua juu ya nini? Hakujibu. Akachukua simu, akatoka nje uani, na kwa dirisha nikamsikia akisema, "Shikamoo mama mdogo," kisha kimya kirefu sana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema mama mdogo amemtaka mamake azungumze naye. Wawili hao walizungumza hadi chaji ikaisha.

Jana nilipita tena kwa dada yangu. Alikuwa jikoni akikaanga samaki, na kutoka chumbani ikasikika ile sauti ya mitambo ya kurukia ikianza kunguruma. Akainua kichwa.

"Miguu iko vipi?" akapaza sauti.

Kimya. Kisha: "Wa kulia mzima, mama. Wa kushoto nusu."

"Na yule unayemwendea, ni mkubwa au ni kale kadogo?"

"Mkubwa."

Akageuza samaki, akafikiri. "Haya," akasema, "mshukie."