Silikoni Katika Ngozi ya Bati

Mnunuzi wa mabati huuliza geji na bei. Ni nadra aulize utando wa bati umefanywa kwa kitu gani. Feleji ichovywapo katika alumini tupu iliyoyeyuka, yaani katika joto lipitalo nyuzi 660 za Sentigredi, metali hizo mbili huungana kwa pupa. Baina yao hutokea tabaka nene la kampaundi ya chuma na alumini, gumu lakini lenye kuvunjika upesi kama kigae. Bati la namna hiyo likikunjwa migongo, utando hupasuka na kutu hupata njia.

Silikoni ndiyo izuiayo pupa hiyo. Katika utando ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1972, alumini ni asilimia 55 ya uzito, zinki 43.4, na silikoni 1.6 tu. Usafi wa metali, usifiwao sana madukani, hapa ungekuwa hasara.

Ukaguzi uishiao kwenye unene ni nusu ya ukaguzi. Bati na likunjwe mbele ya mkaguzi, na utando wake upimwe kikemia, kabla halijapigiliwa juu ya nyumba ya mtu aliyejiwekea akiba miaka mingi.