MVINYO WA RASI NA JASHO LA MVUNAJI

Habari za mvinyo hazizungumzwi sana katika kambi na vituo vyetu. Wengi wetu huuona mvinyo katika karamu za wakubwa, ukiwa ndani ya chupa nyeusi yenye karatasi ya maandishi ya kigeni, nasi hudhani kwamba hilo ni jambo la Ulaya lisilotuhusu. Dhana hiyo si sahihi. Katika bara letu hili la Afrika, nchini Afrika Kusini, mvinyo umetengenezwa kwa muda wa zaidi ya miaka 360, na habari zake zina mafunzo makubwa kwa kila mtu avaaye sare na kukabidhiwa ulinzi wa sheria. Ndiyo sababu leo twapenda kuieleza kwanza nchi hiyo ya zabibu, kisha tutoe maoni yetu.

Tuanze na nchi yenyewe. Rasi ya Tumaini Jema iko kwenye latitudo ya 34 kusini ya Ikweta, mahali ambapo jua la kiangazi huwaka kwa ukali. Mzabibu hupenda jua, lakini joto likizidi, zabibu huiva kwa pupa. Sukari hujaa, uchachu hupotea, na mvinyo wake huwa mzito usio na uhai. Kinachoiokoa Rasi ni bahari. Mkondo wa Benguela hupandisha maji ya baridi kando ya pwani ya magharibi, na upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji huuita Daktari wa Rasi, huvuma wakati wa kiangazi ukiyapoza mabonde na kuyakausha majani yasishikwe na kuvu. Mvua kubwa hunyesha wakati wa baridi, kati ya Mei na Agosti, mizabibu ikiwa imelala bila majani. Mavuno hufanyika kati ya Januari na Aprili. Hapo ndipo Rasi inapotofautiana na Dodoma, nchini Tanzania, ambako mzabibu haulazwi na baridi, na mkulima aweza kuvuna mara mbili katika mwaka mmoja.

Kila bonde la Rasi lina tabia yake. Constantia, iliyo chini ya milima ya mji wa Cape Town, ndiyo yenye sifa ya zamani kuliko zote. Shamba lake lilianzishwa mwaka 1685 na gavana Simon van der Stel, na mvinyo wake mtamu wa zabibu za Muscat ulipelekwa hata kwa Jemadari Napoleon Bonaparte alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha Saint Helena. Stellenbosch, mji ulioanzishwa mwaka 1679, ni ngome ya zabibu nyekundu, hasa Cabernet Sauvignon, zioteshwazo kwenye miteremko ya mawe ya matale. Paarl, maana yake Lulu, imepata jina kutokana na jabali lake ling'aalo baada ya mvua. Franschhoek, yaani Kona ya Wafaransa, yakumbusha wakimbizi wa Kiprotestanti waliofika huko mwaka 1688 wakikimbia mateso ya dini nchini mwao.

Ukienda kaskazini utaikuta Swartland, nchi kavu ya ngano, ambako mizabibu mizee husimama peke yake kama vichaka bila kunyweshwa maji. Ukienda bara utaikuta Robertson, yenye udongo wa chokaa, ambayo huishi kwa maji ya mto Breede. Mbele zaidi, katika Karoo Ndogo, mji wa Calitzdorp hutengeneza mvinyo mtamu wenye nguvu kutokana na zabibu za Kireno. Mbali sana, kando ya mto Orange karibu na Upington, jua ni kali mno, na zabibu nyingi hukaushwa. Kinyume chake, karibu na Hermanus liko bonde la Hemel-en-Aarde, yaani Mbingu na Dunia, lipulizwalo na baridi ya bahari, ambako zabibu nyororo ya Pinot noir, isiyovumilia joto, hustawi bila taabu.

Kuhusu aina za zabibu, ipo nyeupe iitwayo Chenin blanc, ambayo wakulima wa huko kwa muda mrefu waliiita Steen. Hiyo hushika karibu sehemu moja ya tano ya mashamba yote, kwa kuwa huvumilia joto na bado hubaki na uchachu wake. Ipo pia Pinotage, ambayo ni mtoto wa nchi hiyo. Mwaka 1925 Profesa Abraham Izak Perold wa Stellenbosch aliichanganya Pinot noir na Cinsaut, akapata mbegu nne tu, akazipanda katika bustani ya nyumba yake. Alipohama, bustani ikamezwa na magugu, na ile miche nusura ifyekwe na vibarua. Aliyeiokoa ni mwalimu kijana aliyekuwa akipita na kukumbuka ni miche ya namna gani. Leo mvinyo wake huuzwa duniani kote. Mizabibu hiyo yote, kama ile ya Ulaya, huunganishwa juu ya mashina ya Kimarekani, kwa sababu mdudu aitwaye filoksera, aliyeonekana Rasi mwaka 1886, huiua mizabibu ya Ulaya kwa kula mizizi yake, lakini mashina ya Kimarekani hamshindi.

Hiyo ndiyo sifa ya nchi hiyo, na ni sifa ya haki. Afrika Kusini yahesabiwa miongoni mwa nchi 10 zitengenezazo mvinyo mwingi zaidi duniani. Lakini sifa ya mali haitimii mpaka iulizwe: ni nani aliyeilima, naye alilipwa nini?

Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, wakati wa Jan van Riebeeck, mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi. Kabla ya hapo, mwaka 1658, watumwa walikuwa wamekwisha kuletwa kwa mamia. Katika miaka iliyofuata walitolewa Madagaska, Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia. Kwa hiyo miongoni mwa mikono iliyochimba mashimo ya mizabibu ile imo mikono ya pwani yetu hii ya mashariki. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, na watumwa wakaachiwa kweli mwaka 1838. Lakini mtu aliyeachiwa bila ardhi na bila nyumba hana pa kwenda ila kurudi katika shamba lile lile, na huko alikuta mnyororo wa namna nyingine umekwisha kutayarishwa.

Mnyororo huo uliitwa dop. Mfanyakazi alipewa kikombe cha mvinyo hafifu alfajiri kabla ya kazi, akapewa kingine baadaye, na kingine tena, mpaka jioni. Na vikombe hivyo vilihesabiwa kuwa sehemu ya ujira wake. Mtindo huo ulianza zamani za Wakhoikhoi na ukaendelea kwa karne nyingi. Ubaya wake ni rahisi kuuona. Mvinyo uliokosa mnunuzi ulipata mnunuzi wa lazima, naye ni mfanyakazi. Fedha ya mshahara ilipungua. Aliyezoea kikombe hakuweza kuliacha shamba, kwa maana angekikosa. Na aliyetaka kuliacha alikumbuka kwamba nyumba yake ni mali ya bwana shamba, na siku anapoacha kazi watoto wake hulala nje. Wanawake waja wazito walikunywa pamoja na waume zao. Hata leo, katika wilaya za mizabibu za Rasi ya Magharibi, wataalamu wamekuta watoto waliodhurika kwa pombe tumboni mwa mama zao kwa kiwango kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyopata kupimwa duniani. Watoto hao hawakuchagua kunywa.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi tunaohusika na sheria. Dop ilikatazwa kwa sheria mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo ilizidi kuonekana mashambani mpaka miaka ya 1990, na sheria ya pombe ya mwaka 2003 ilibidi ikataze tena kumlipa mfanyakazi kwa kileo. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1973, Serikali ya Makaburu ilianzisha utaratibu wa kuthibitisha asili ya mvinyo. Mvinyo ulioandikwa Stellenbosch ulipaswa kutoka Stellenbosch kweli. Wakaguzi walikagua, walionja, wakaweka muhuri shingoni mwa chupa. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri na unafanya kazi hata sasa.

Basi na tulipime jambo hili kwa makini. Dola iliyoweza kufuata zabibu tangu shambani hadi ndani ya chupa, ili mnunuzi wa London asidanganywe, haikuweza kufuata kikombe tangu kwenye pipa hadi mkononi mwa kibarua. Haikuwa kwamba njia ya kwenda shambani haijulikani. Ilikuwa kwamba mnunuzi alikuwa na sauti, na kibarua hakuwa nayo. Sheria zote mbili ziliandikwa kwa wino mmoja. Moja ilipewa miguu, nyingine ikaachwa ikae kitako ofisini. Kwa maoni yetu hilo ndilo funzo la kwanza: thamani ya sheria haijulikani katika karatasi, bali katika njia ambayo askari yuko tayari kuipita ili aifikishe kwa mnyonge.

Funzo la pili ni la mwaka 2012. Mwezi wa Novemba mwaka huo wafanyakazi wa mashamba ya zabibu katika bonde la De Doorns waligoma, na mgomo ukaenea katika miji mingine ya Rasi ya Magharibi hadi Januari 2013. Mshahara wa chini kwa siku ulikuwa randi 69; wao walidai randi 150. Barabara kuu ilifungwa, mashamba yalichomwa moto, polisi walifyatua risasi za mpira, na watu walikufa. Tangu Machi 2013 Serikali ilipandisha mshahara huo kufikia randi 105. Hatusifu uchomaji wa mali. Mwenye kuchoma shamba huchoma pia kazi ya jirani yake. Lakini yafaa tujiulize kwa nini askari aliitwa siku ya moto, ilhali hapakuwa na mkaguzi wa kutosha katika siku zote za njaa zilizotangulia. Askari anayetumwa kuzima hasira iliyolimbikizwa na wengine huingia katika kazi ngumu, na mara nyingi yeye mwenyewe ni mtoto wa mfanyakazi kama wale anaowakabili. Akilisahau hilo, hulka yake hugeuka.

Tena upo mfano wa mwaka 2020. Tangu tarehe 27 Machi, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, uuzaji wa pombe ulipigwa marufuku nchini humo, na marufuku hiyo ilirudiwa mara kadhaa. Wakulima wa mizabibu walilia hasara. Upande mwingine, madaktari waliona majeruhi wakipungua hospitalini. Wanajeshi na polisi walitumwa mitaani. Tarehe 10 Aprili, katika mtaa wa Alexandra mjini Johannesburg, raia mmoja alikufa baada ya wanajeshi kumkuta na kinywaji uani pake na, kwa ushahidi wa jamaa zake, kumpiga. Mwezi wa Mei Mahakama Kuu ya Pretoria ikakumbusha kwamba haki ya raia ya kutoteswa haisimamishwi na hali ya maafa, ikaagiza askari wapewe mwongozo wa mwenendo wao. Tazameni tofauti hiyo, ndugu askari. Kwa miaka 30 sheria ilishindwa kuingia katika shamba kubwa kuondoa kikombe cha utumwa, lakini iliingia kwa nguvu uani pa mtu maskini kwa ajili ya kikombe kimoja. Sheria iliyo nyepesi kwa mkubwa na nzito kwa mdogo haiwezi kupendwa na watu, hata kama kusudi lake ni jema.

Hatusemi kwamba hakuna mabadiliko. Yapo. Mwaka 2004 Bibi Ntsiki Biyela, aliyezaliwa kijijini KwaZulu-Natal na kusomea kazi hiyo Stellenbosch, alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza nchini humo kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo. Mwaka 2016 alianzisha mvinyo wake mwenyewe, akauita Aslina kwa heshima ya nyanya yake. Yapo pia mashamba ambamo wafanyakazi wamepata hisa na nyumba. Lakini sehemu kubwa kabisa ya ardhi ya mizabibu bado imo mikononi mwa wale wale, na mtu mmoja aliyepanda ngazi si ushahidi kwamba ngazi imewekwa kwa wote.

Wala hatuandiki haya kumkataza mtu kinywaji chake. Mwenye kunywa kwa fedha yake, nje ya zamu yake na kwa kiasi, hana kesi nasi. Twasema tu kwamba kuna tofauti kati ya kinywaji anachonunua mtu huru na kinywaji anachopewa mtu ili asitambue kwamba hayuko huru. Tofauti hiyo haiko Rasi peke yake. Mahali popote ambapo bwana humlipa kibarua kwa pombe, au mkubwa humtuliza mdogo kwa chupa badala ya haki yake, hapo dop ipo, hata kama haijaitwa kwa jina hilo. Hata katika kantini, askari ambaye mshahara wake huishia katika deni la vinywaji kabla haujafika nyumbani, na ajiulize ni nani anayefaidika.

Kwa hiyo, siku mtakapoiona chupa yenye jina la Stellenbosch au Paarl, msiidharau, kwa kuwa imo ndani yake akili ya Mwafrika na baraka ya ardhi yake. Lakini utazameni ule muhuri shingoni mwake. Unathibitisha zabibu zilikotoka. Hauthibitishi jinsi alivyolipwa mvunaji. Muhuri huo wa pili hauwezi kubandikwa na kiwanda. Utawekwa na watu waliokabidhiwa sheria, siku watakapoufuata mkono wa kibarua kwa bidii ile ile ambayo wengine waliifuata zabibu.