Sikukuu Bila Gwaride

Kutoka Keko hadi Uwanja wa Uhuru ni mwendo wa miguu. Kwa miaka mingi, ifikapo Desemba 9, wazee kwa watoto walikwenda huko kutazama gwaride, ngoma na halaiki. Si ajabu basi kwamba wengi walisononeka mwaka 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe za miaka 54 ya Uhuru, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kimeenea, na fedha zipanue barabara ya Mwenge hadi Morocco. Mwaka 2022 nako shilingi milioni 960 za sherehe zilielekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Uamuzi wa namna hiyo ni wa haki; bweni hudumu kuliko shamrashamra. Lakini yafaa ieleweke kwamba kilichokosekana si tarumbeta tu. Halaiki ilikuwa darasa: humo mtoto alijifunza kwa vitendo jinsi bendera ya mkoloni ilivyoteremshwa uwanjani hapo mwaka 1961. Fedha zaweza kuhamishwa. Somo hilo halina budi kubaki. Pasipo gwaride, wajibu huo ni wa mwalimu darasani na mtumishi wa serikali katika kata yake. Wakiutimiza, hakuna mtoto wa Keko atakayeiona Desemba 9 kuwa siku ya mapumziko tu.